Jina la Védaste Gazetini

Jumaine alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia kijana fulani ameunda kitu, hatulii mpaka akakione kwa macho yake. Gazeti lake lilitaka habari za misa, mipira na ziara za wakubwa. Yeye alipeleka habari za taa za mikebe na baiskeli za mti. Wenzake walimcheka, naye hakuwajali.

Mwaka ule wa 1956 alipanda lori kutoka kwake Goma hadi Rutshuru kumwona Védaste, kibarua wa shamba la kahawa, aliyeunda mashine ya kumenya kahawa kwa gurudumu la baiskeli na gogo lenye misumari. Mkuu wa shule ya ufundi alisema atampokea kijana huyo, ila kwanza asome jina lake gazetini, ajue si porojo. Jumaine akaandika kwa moyo wake wote, akapeleka habari Bukavu kuchapwa.

Gazeti lilipofika Goma, watu walikusanyika mbele ya duka la mshonaji, kama kila Jumapili, Jumaine awasomee wasiojua kusoma. Védaste alikuja kutoka Rutshuru na mama yake, Mukagasana. Karani wa lile shamba la kahawa naye alikuwepo, ameegemea ukuta.

Jumaine akafunua ukurasa, akaupitia kwanza kwa macho. Habari ilikuwa yake neno kwa neno, ila mashine sasa ilikuwa ya bwana wa shamba. Védaste hakutajwa popote.

Akasoma kwa sauti kama alivyoandika yeye, si kama ilivyochapwa, jina la Védaste akalitamka wazi. Watu wakapiga makofi. Védaste, aliyejua kusoma na aliyekuwa akichungulia begani kwake, aliinamisha kichwa.

Mukagasana akasogea, kidole mbele. "Papa, jina ya mutoto yangu iko fasi gani? Niiguse kidogo."

Angeweza kumwonyesha neno lolote, asingejua. Jumaine alikitazama kile kidole chenye nyufa za jembe, akaona aibu isiyo yake.

"Haiko, mama. Kule Bukavu baliweka jina ya bwana. Ile masomo ya ufundi haitamupokea."

Karani akaacha ukuta, akaondoka. Kesho bwana angejua yote, na gazeti lingetafuta mwandishi mwingine.

Mukagasana hakulia. Aliketi juu ya mawe meusi, akamvuta mwanawe akae karibu naye.

"Basi usome tena," alisema. "Ile uliandika weye."

Jumaine alikunja gazeti, akalitia mfukoni, akaanza upya: "Védaste, mwana wa Mukagasana..."