Mmea wa Titye Usioota Titye

Nduwayezu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna mzizi uliowahi kuutibu: akiulizwa jambo asilolijua, alijibu. Akiulizwa njia ya kijiji asichowahi kukanyaga, alinyoosha kidole. Karani alipomuuliza tarehe yake ya kuzaliwa, alitaja Krismasi, kwa kuwa aliona ni siku nzuri na watu hula pilau, na ndiyo iliyoko mpaka leo kwenye kitambulisho chake cha taifa. Alivuka mpaka wa nchi pale Munanila akiwa kijana. Tangu hapo amefika kwenye mashamba ya tumbaku Urambo, kwenye chumvi ya Uvinza, na kwenye kambi za wakimbizi akibeba mizigo ya watu. Katika miaka yote hiyo neno "sijui" lilikuwa halijapita katikati ya meno yake. Na meno yenyewe yalibaki saba, kwa hiyo njia ilikuwa pana.

Shule aliiokota kama kuni: darasa la pili hapa, la nne kule, la sita hakulimaliza kwa sababu mwalimu alihama na yeye akahama kinyume chake. Lakini miti aliijua. Hilo hata waliomcheka walilikubali, na ndiyo maana Daktari Evaline, mtafiti wa mimea aliyehamishiwa Kasulu kutoka Moshi, alimchukua kuwa mwonyesha njia.

"Mzee, kazi yako ni nyepesi," alimwambia siku ya kwanza. "Kila mmea mnaoutumia kwa dawa, nionyeshe. Usioujua, sema huujui."

"Hakuna shida, daktari," alijibu Nduwayezu, na hapo hapo akawa ameshadanganya mara ya kwanza.

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inapiga, alimletea kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na matawi matatu ya mmea unaotambaa na kipande cha mzizi mwekundu kama nyama ya bucha. Ni dawa ya vidonda sugu, alisema; unasaga, unabandika, siku ya tatu kidonda kimekauka. Daktari Evaline aliyageuza majani chini ya lenzi yake. Akafungua kitabu, akafungua cha pili. Akapiga picha, akawatumia wenzake Arusha, akakaa akiitazama simu kama mtu anayengoja habari za mgonjwa. Kisha akauliza:

"Mzee, huu umeutoa wapi?"

"Titye," alisema Nduwayezu bila kupepesa.

Hapa asihukumiwe haraka. Mganga aliyemfundisha dawa alimwachia amri tatu: chimba upande wa macheo, fukia shimo lako, na mahali usimtajie mtu. Ukiulizwa, mwelekeze kwingine, maana mzizi uliotajwa mahali pake hung'olewa wote kabla ya mvua nyingine. Kwa waganga huo si uongo, ni adabu. Mmea ule ulitoka kaskazini, Murungu, kule Kibondo. Nduwayezu akataja kusini. Alikuwa na adabu ya kupitiliza. Sababu ya pili ilikuwepo, lakini hiyo alikuwa hajamwambia mtu, na hata mwenyewe alikuwa akiikwepa.

Daktari akaandika "Titye" kwenye lebo, akaandika na jina la Nduwayezu chini yake, akayalaza matawi katikati ya magazeti, akayabana kwa mbao na mikanda.

Majibu ya mzizi, aliokuwa ameutuma maabara, yalirudi mwezi wa nane. Maji ya ule mzizi yalikuwa yamezuia vijidudu vya usaha visiote kwenye kisahani cha maabara.

"Si dawa bado," alionya Daktari Evaline, ingawa uso wake ulikuwa umeng'aa. "Kisahani si mtu. Lakini ni mwanzo. Na wenzangu wamepekua makabati yote ya mimea iliyokaushwa, hawakuuona. Huenda ni mmea mpya kabisa, mzee. Ila bila maua na matunda hakuna atakayekubali kuupa jina. Unachanua lini?"

"Mwezi wa kumi." Hilo alilijua kweli.

"Basi mwezi wa kumi utatupeleka Titye. Na nikwambie kitu: mara nyingine mmea mpya hupewa jina la aliyeuonyesha. Kwa Kilatini. Linabaki hivyo duniani kote, hata miaka mia mbili."

Kuanzia siku hiyo Nduwayezu akaharibika. Yeye aliyepita kila mahali hakuwa ameacha jina popote. Nyumba alizojenga zilikuwa za watu. Hata mjukuu wake wa kwanza alipewa jina la babu wa upande wa mama. Sasa miaka mia mbili! Akaanza kujiita kimoyomoyo Nduwayezusi, mara Nduwayezumu, na siku moja akajisahau akajiita kwa sauti mbele ya Nurudini, dereva wa gari la utafiti, mtu wa Ujiji asiyejua kunyamaza.

"Mzee wangu," alisema Nurudini, "mmea ukiitwa hivyo, hata mbuzi watashindwa kuutafuna."

Mwezi wa kumi ukafika, wakaenda Titye. Siku nne Nduwayezu aliwapandisha vilima na kuwashusha makorongo, akitembea mbele kwa hatua za mtu anayejua aendako. Tumaini lake lilikuwa kwa Mungu: aliyeuotesha Murungu anashindwa nini kuuotesha na Titye?

"Mzee, huu mmea una miguu?" aliuliza Nurudini siku ya tatu, akichomoa mwiba kwenye goti.

"Una aibu," alijibu Nduwayezu. "Ukisikia vicheko unajificha."

Siku ya nne walimkuta mama mmoja akipalilia shamba. Daktari Evaline alimwonyesha picha kwenye simu. Yule mama aliitazama, akafuta jasho, akaitazama tena.

"Hapa hakuna hiki. Mimi nimezaliwa hapa, nimechuma mboga za hapa, nimechungia mbuzi hapa. Nani amewaambia kiko hapa?"

Wote wakamtazama Nduwayezu. Nduwayezu akatazama mawingu, kana kwamba jibu la mama yule lilikuwa na uhusiano na mvua.

Daktari Evaline aliketi juu ya jiwe, akavua kiatu, akakung'uta mchanga. Hakufoka. Angefoka, Nduwayezu angejua la kujibu. Matusi alikuwa na uzoefu nayo.

"Mzee, muda niliopewa unaisha Ijumaa," alisema taratibu. "Mmea usiojulikana ulikotoka ni takataka. Nitautoa kabatini. Na majibu ya maabara yatabaki karatasi tu, kwa sababu siwezi kupima mara ya pili kitu nisichokipata. Labda nilikosea mimi kuandika."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Mwanamke wa watu, mguu mmoja hauna kiatu, anajisingizia kosa lisilo lake.

"Daktari," alisema Nduwayezu. "Titye haupo. Uko Murungu."

"Murungu ya Kibondo?"

"Hiyo hiyo."

"Kwenye msitu gani?"

"Si msitu." Akakohoa. "Kwenye uzio wa mke wangu."

Nurudini alishika tumbo. "Mzee baba! Kumbe una mke?"

"Nilikuwa naye."

"Amefariki?"

"Hapana. Nilikwenda kununua chumvi."

Ikabidi aeleze. Miaka kumi na minne iliyopita alimuaga mkewe Esteri kwamba anafika Uvinza kununua chumvi, siku tatu atakuwa amerudi. Uvinza akapata kibarua, kutoka kibarua akapata lifti ya kwenda Urambo, na lifti ikazaa lifti. Chumvi aliinunua, hilo lieleweke. Aliimaliza mwenyewe. Masika hii alipita Murungu siku ya Jumapili, Esteri akiwa kanisani, akakata matawi matatu, akachimba mzizi upande wa macheo, akafukia shimo kama alivyofundishwa, kisha akakimbia kama mwizi wa kuku. Ndiyo sababu ya pili. Kuitaja Murungu kungemlazimu kurudi.

Daktari Evaline alitoa kwenye begi ile karatasi yenye lebo, aliyokuja nayo ili aikamilishe. Badala ya kuichana, aliikata "Titye" kwa mstari mmoja mwembamba, akaandika tarehe pembeni.

"Si ufute kabisa?" aliomba Nduwayezu.

"Hatufuti, mzee. Tunakata mstari mmoja tu, ili kosa liendelee kusomeka. Atakayekuja baada yetu ajue tulipotelea wapi."

Asubuhi yake wakashika njia ya Kibondo. Walipofika Makere, Nduwayezu aliomba gari lisimame ajisaidie. Mbele kidogo akaomba tena. Mara ya tatu Nurudini akamwambia, "Mzee wangu, hata kibofu kina mwisho wake. Twende tu ukapigwe."

Esteri alikuwa akimenya mihogo na kuianika juu ya turubai. Nyuma yake uzio mzima, kutoka jikoni mpaka zizi la mbuzi, ulikuwa umefunikwa na maua madogo ya njano yenye koo la zambarau, na nyuki walikuwa kazini. Daktari Evaline alisahau salamu, akauendea uzio moja kwa moja, kisha akakumbuka adabu akarudi mbio kushika mkono wa mwenyeji.

"Amahoro, karibuni," alisema Esteri. "Mkitaka maua, chumeni." Ndipo macho yake yakampata aliyejibanza nyuma ya mlango wa gari. Akamtazama kwa muda wa kumenya muhogo mmoja.

"Baba Kasian," alisema. "Chumvi iko wapi?"

Nduwayezu alikuwa amejiandalia hotuba tangu Makere. Ilikuwa na mwanzo mzuri. Yote ikayeyuka.

"Iliisha," alisema.

"Niliwaza hivyo." Esteri aligeuka kwa Daktari Evaline. "Mama, njoo uone. Shina hili la upande wa macheo limekauka tangu masika. Nilisema ni mbuzi. Kumbe mbuzi mwenyewe ana miguu miwili na suruali."

"Nilichimba mzizi wa dawa," alijitetea Nduwayezu.

"Mzizi wa nini? Ukichimba mzizi unaua mmea. Mimi nasaga majani. Miaka yote mbuzi wangu wakiumia nabandika majani, na wanapona, na uzio unabaki."

Kalamu ya Daktari Evaline ikaanza kukimbia. Majani! Hayo hakuna aliyekuwa ameyapima. Akauliza yanasagwa vipi, mabichi au makavu, kwa siku ngapi, na Esteri akajibu moja baada ya nyingine, na pale asipojua alisema tu hajui, wala mbingu haikuanguka. Nduwayezu alilitazama jambo hilo kwa mshangao.

"Na mmea wenyewe, mama, ulitoka wapi? Huu umepandwa. Nataka kujua unakoota wenyewe, porini."

"Muulize huyo. Alikuja nao mwaka alionioa, miaka thelathini na minane sasa. Kijiti kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Akasema wengine huleta jembe, yeye ameleta dawa."

Basi wote watatu wakamgeukia, na daktari kalamu yake iko juu ya karatasi.

Nduwayezu aliona wazi kabisa jinsi ambavyo ingekwenda. Angesema Munanila. Ni mbali, kuna mabonde, mtu anaweza kutafuta huko mwaka mzima. Daktari angeandika, angeomba muda mwingine, yeye angetangulia mbele, na jina lake la Kilatini lingekuwa bado hai. Munanila tayari ilikuwa imekaa kwenye ulimi. Akaitazama ile karatasi yenye Titye iliyokatwa. Akaitazama mihogo.

"Sijui," alisema.

Esteri akaweka kisu chini. "Rudia."

"Sijui, mama Kasian. Nilikiokota njiani. Nilikuwa natembea sana mwaka ule. Sikumbuki hata kama ilikuwa ng'ambo hii ya mpaka au ile."

"Andika hilo, daktari," alisema Esteri. "Liandike kwa herufi kubwa. Neno hilo nimelingoja tangu harusi."

Na daktari aliliandika, kwa herufi za kawaida: *Umepandwa. Uzio wa Esteri Mpawenimana, Murungu. Porini unakotoka hakujulikani.* Kisha akachuma maua na matunda machanga, akayalaza kwenye magazeti huku Esteri akimshikia mikanda.

"Na jina la mzee wetu?" aliuliza Nurudini kwa upole wa kichokozi. "Lile la Kilatini?"

"Wataalamu bado wana kazi ya kulinganisha, labda miaka miwili," alisema Daktari Evaline. "Ukionekana ni mpya kweli, mimi nitapendekeza jina la mama mwenye uzio. Lakini la mzee halipotei. Liko kwenye ile karatasi ya kwanza, chini ya Titye. Kabati lile lina dawa ya wadudu na kufuli. Miaka mia mbili, bila wasiwasi."

Nduwayezu alitafakari kudumu kwa namna hiyo. Hakuweza kusema si halali yake.

"Baba Kasian," aliita Esteri. "Unaliona duka lile, la Nizigiyimana, ng'ambo ya barabara? Hatua sitini. Nenda kanunue chumvi. Mimi nimesimama hapa hapa."

Akaenda. Nyuma yake alisikia nyuki, na Nurudini akihesabu hatua kwa sauti, na lori la kwenda Kasulu likapunguza mwendo barabarani kama lililotumwa kumjaribu. Alilisubiri lipite, akavuka.

"Chumvi," alimwambia mwenye duka.

"Ya mawe au ya unga, mzee?"

Nduwayezu alifungua mdomo ajibu, kwa mazoea. Akaufunga. Akageuka, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti mpaka nyuki wakasikia:

"Mama Kasian! Unataka ipi?"