Safu ya Kwanza

Seli za safu ya kwanza zilipaswa kuwa zimekufa. Mtafiti aliinamia hadubini, akahesabu upya. Rangi ya buluu huingia kwenye seli mfu tu, na kati ya mia, sita tu ndizo zilizokuwa za buluu.

Zilitoka kwenye uvimbe wa shingoni mwa mshonaji aliyelazwa wodi ya juu kwa saratani ya tezi. Seli za namna hiyo huishi zikiamriwa kuishi, na amri huletwa na kichocheo cha ukuaji. Safu ya kwanza ilinyimwa kichocheo. Ya pili ilipewa. Ya tatu ilipewa pamoja na dawa inayokata amri. Ya kwanza isipokufa, ya tatu haisemi lolote. Na saa nane madaktari walitaka jibu, ili waamue kama mshonaji aanzishiwe dawa hiyo.

Akafungua friji. Kichocheo kilikuwa kimeshuka vidole viwili chini ya alama aliyoichora kwenye chupa.

"Nani kagusa chupa yangu?"

Fundi wa maabara aliendelea kusugua beseni lililokwisha takata. "Dada, mimi nina watoto wa kulea. Muulize bosi."

Mkuu wa maabara alikuwa ofisini kwake, anakunywa chai. "Ah, zile? Jana nilikuwa na wageni, nikazipa zote kidogo. Zilikuwa zinakufa, bibie! Ningewaonyesha nini, makaburi?"

"Makaburi ndiyo yalikuwa jibu."

"Punguza moto. Rudia tu."

"Kwa seli zipi? Zilizobaki zimo shingoni mwake."

"Basi achomwe sindano tena, zitolewe nyingine. Dakika kumi hizo."

Mara iliyopita zilikuwa arobaini. Mtafiti alikuwepo, amebeba kisanduku cha barafu, na mshonaji alimuuliza neno moja tu: "Ndiyo ya mwisho hii, mwanangu?" Akamjibu ndiyo.

Sasa alilitoa koti jeupe la mkuu kwenye msumari, akamtupia mapajani. "Vaa. Ukamwambie mwenyewe."

"Hiyo si kazi ya mkuu."

"Na kulisha seli zangu? Saa nane nawasomea madaktari daftari langu, na jina lako limo. Kama ulikwenda wodini au hukwenda, nalo nitaliandika."

Mkuu akavaa.

Mshonaji aliwatazama wote wawili, akaanza kufungua kitambaa cha shingoni kabla hawajasema neno.

"Nani aliniambia ni ya mwisho?"

"Mimi, mama," mtafiti akasema.

"Basi wewe utanishika mkono. Huyu asubiri nje."