Mama Welkom

Kondoo alikuwa ameshachinjwa, na Puseletso hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Mwali wa Kisotho hali nyama ya ukweni mpaka achinjiwe kondoo wake na apewe jina. Jina lenyewe wala si lake, ni la mtoto ambaye hata mimba yake bado, na akija kuzaliwa hakuna mjadala, ndilo hilo hilo. Basi alikaa mkekani, blanketi zito mabegani, akisubiri kujua ataitwa mama nani mpaka siku anaingia kaburini.

Mama mkwe wake, Mama Molefi, akaingia na sahani ya nyama. Mwanamke mfupi, sauti ya kuamsha kijiji. Nyuma yake wanawake walijaa mlangoni, vigelegele vimeshawafika kooni.

"Mwanangu," akasema, "kuanzia leo wewe ni Mama Welkom. Kula."

Vigelegele hivyo! Puseletso hakusikia hata kimoja. Welkom, mji wa migodi wa Afrika Kusini! Huko ndiko baba yake alikoshuka mgodini akafukiwa na mwamba, na mwili wake haujapandishwa mpaka leo. Kwao neno hilo halitajwi. Mama yake akilisikia redioni, huizima redio. Leo hii yeye amzae mtoto, ambandike jina hilo?

Hakunyoosha mkono.

"Kula, bibi," akanong'ona Mpolokeng, shangazi yake bwana harusi. "Au nyama yetu tumeitia sumu?"

Wachache wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, maana kila aliyekuwa pale alijua kwamba kuikataa nyama ile ni kuikataa ndoa. Molefi, bwana harusi mwenyewe, alikuwa amesimama nje ya dirisha, kofia mkononi, uso umemshuka. Puseletso alimpenda mwanamume yule, tena sana, na alijua anaweza kumpoteza hapo hapo.

"Mama," akasema, "kwa nini jina la huko?"

"Aa! Mwali ana maswali!" Mpolokeng akapiga makofi.

"Mwache aulize." Sauti ya Mama Molefi ilikuwa imebadilika. "Mume wangu alienda Welkom huyu Molefi akiwa mgongoni. Akaniletea blanketi moja, basi. Akapata mwanamke huko, akapata watoto, mimi nikasahauliwa. Sasa na mimi nataka Welkom yangu! Nisimame hapo mlangoni nipige kelele, 'Welkom, njoo!' na ije mbio. Niitume maji, iende. Ikiniletea jeuri, niichape!"

Wanawake wakaangua kicheko, wengine huku wakifuta macho, maana hakuna nyumba pale ambayo migodi haikuigusa. Hata Puseletso, Mungu amsamehe, kwa kitambo alilitamani jambo lile. Uite mji uliomla baba yako, uje unatetemeka! Halafu akilini akamwona mtoto, kamasi puani, anakuja mbio kwa sababu ameitwa na bibi yake.

"Mji huo ulimla baba yangu," akasema. "Yuko chini huko mpaka leo. Nauchukia, mama, pengine kuliko wewe. Lakini huyo atakayekuja mbio, huyo utakayemchapa, ni nani?"

"Arudishwe kwao!" Mpolokeng akafoka. "Leo leo! Hajalala hata usiku mmoja, anatufundisha kuita watoto!"

"Shangazi, tafadhali," Molefi akasema dirishani.

"Nyamaza wewe!"

Mama Molefi akaitua sahani mkekani. Puseletso akainamisha kichwa, akangoja kufukuzwa.

"Ningemchapa," Mama Molefi akasema, polepole. "Yesu wangu. Ningemchapa sana, na wala asijue kosa lake."

Akaketi mkekani, magoti yakigusana na ya mwali, akachukua pande la nyama akamtia mkononi.

"Kula, mwanangu."

"Bila jina?" Mpolokeng akalalama. "Wifi, umepatwa na nini? Tangu lini mwali akala bila jina? Mpe basi lingine!"

"Sina lingine." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Miaka yote hii nilikuwa nalo hilo moja tu."

Puseletso akalipasua lile pande, nusu akamrudishia mama mkwe wake, na wote wawili wakala.