Sproketi Nyeusi ya Mzee Kaza

Mzee Kaza alikuwa na sheria moja ya cheni, na kila mteja alisomewa, atake asitake: sproketi ndogo ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, sproketi kubwa ya nyuma na cheni yenyewe hubadilishwa siku moja. Ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyochakaa, meno yataila cheni kabla mwezi haujaisha, nawe utarudi kumlaumu fundi. Waliomsikiliza walidumu barabarani. Wabishi aliwatengenezea pia, maana hakuwa mtu wa kususa kazi, ila aliwanunia mpaka wanaondoka.

Binti yake wa pekee hakuwa mbishi, angalau si kwa mambo ya cheni. Alikuwa fundi wa minara ya simu, mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa, kwa hiyo wote walimwita Mnara, naye aliitika. Kazi ilimpandisha vilima visivyo na njia ya maana, juu ya pikipiki ya miguu mirefu, ile aina inayokwenda lami asubuhi na mawe mchana. Wiki ile, karibu na kilele, cheni iliruka meno mara mbili na pikipiki ikaanza kurudi nyuma, huku kushoto kwake pakiwa na shimo ambalo hakutaka kulitazama. Jumatatu alitakiwa kupanda tena kilima kilekile.

Basi Jumamosi asubuhi alimpakia baba yake wakaenda kununua vipuri. Duka lilikuwa chumba chembamba chenye rafu mpaka darini, na mwenyewe alikuwa mfupi mwenye maneno marefu. Walimwita Originali, kwa sababu hajapata kuuza kitu ambacho si originali, hata kama boksi lenyewe linasema vingine.

"Nataka ya nyuma yenye meno arobaini na nane," Mnara alisema. "Nipate nguvu kilimani."

"Na kwenye lami utalia," baba akadakia. "Injini itapiga makelele na malori yatakupita kama umesimama. Nyuma baki na arobaini na tano zako. Mbele tupunguze jino moja tu, kutoka kumi na tano hadi kumi na nne. Jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma."

"Msikilize mzee, dada," Originali akasema. "Huyu meno ya pikipiki anayajua kuliko ya kwake."

"Ya kwangu yamebaki machache, hayanipi shida kuyahesabu."

Wakacheka wote watatu. Mnara alikubali jino moja la mbele, na moyoni alifurahi kushindwa na baba yake, kama alivyofurahi tangu utotoni. Originali akaenda nyuma ya rafu, akarudi na sproketi mbili za meno arobaini na tano, akaziweka mezani zikiwa uchi, bila karatasi.

Mzee Kaza alizichukua mojamoja. Alizipima kwa kiganja, akapitisha dole gumba juu ya meno huku midomo ikihesabu, akaigonga kila moja kwa spana na kuinamisha sikio. Kisha akainyanyua mojawapo juu, aionyeshe dunia.

"Hii nyeusi ndiyo chuma," akasema. "Hii utazeeka nayo. Hiyo ya dhahabu ni urembo, wape vijana wa kupiga picha."

Aliyoinyanyua ilikuwa ya dhahabu. Iling'aa mkononi mwake hata mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara angeiona.

Originali akacheka kwanza, maana alidhani ni utani. "Umepatia, mzee, hiyo ndiyo chuma. Ila mwaka huu kiwanda kimegeuza rangi, ya chuma ndiyo wanaipaka dhahabu..." Hapo maneno yakamwishia, na hilo halikuwa jambo la kawaida kwake. Akamtazama Mnara. Mnara alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Akajilazimisha kuinua ile nyeusi na kumwekea baba yake mbele ya uso kabisa.

"Na hii, baba?"

"Si nimekwambia? Ya dhahabu hiyo. Irudishe."

Miaka arobaini baba yake alijua kwamba sproketi ya chuma huja nyeusi na ya bati huja na rangi za harusi. Mikono yake ilitambua chuma, na kichwa kikaongeza rangi chenyewe. Mnara akakumbuka "nisomee hapo, miwani nimeisahau." Akakumbuka mgongo uliomfanya baba aache kuendesha, na ule mkono ulioanza kumshika bega kila wanapotembea, mkono aliouona ni mahaba ya uzee. Mtu anayepanda mita sitini angani na kukagua kila nati, lakini hakumkagua baba yake! Alijionea haya mpaka masikio yakamuwaka.

Cheni waliyoihitaji, ya viungo mia na kumi na mbili, ilikuwa imekwisha dukani. Originali, ambaye sasa alinong'ona kama yuko msibani, akamfungia ya mia na ishirini, aikate mwenyewe nyumbani. Mnara aliipokea pamoja na ile sproketi ya dhahabu, bila kumweleza baba. Walipofika nje, kando ya pikipiki, ndipo akauliza.

"Tangu lini, baba?"

Mzee alinyoosha mkono. Akaipapasa siti, akaegemea.

"Mwaka na zaidi. Lilianza jicho moja, likafuata la pili. Mwanga nauona, kivuli nakiona. Wewe nakuona, urefu huo utajificha wapi?"

"Baba, usinichekeshe! Unafunga breki za watu."

"Nafunga na mama yako. Yeye ndiye macho, mimi mikono. Unadhani anakaa gereji kuota jua? Kila nambari ananisomea yeye. Mwaka mzima hatujakosea hata mara moja." Akanyoosha mkono hewani akitafuta bega lake. "Niache nikufungie hii cheni, mwanangu. Usinifunge mikono mbele ya watu."

Kumbe mama alijua! Ile stuli ya mama pale gerejini, ambayo Mnara aliitania kuwa ni mapenzi ya kuchelewa, ilikuwa kazi ya zamu. Alikasirika, halafu hasira ikayeyuka, maana wazo lenyewe halikuwa la kijinga: macho ya mmoja, mikono ya mwingine. Mama alikuwa mtu makini. Mnara akasema haya, tufunge.

Walimkuta mama mlangoni mwa gereji, ndiyo kwanza anarudi kwa dada yake. Alitazama uso wa binti yake mara moja tu, akajua siri imetoka. Alijifunga kanga kiunoni, akavuta stuli, akakaa.

Na kwa kweli kazi ilikuwa tamu kuitazama. Mzee alifungua gurudumu la nyuma kana kwamba anavua kofia. Bolti sita alizipanga kwenye sahani kwa mzunguko wake ili kila moja irudi tundu lake. Alizikaza kwa kukingamanisha, moja kisha ya ng'ambo yake, akipima kila moja kwa nguvu ya mkono, na Mnara alipojaribu nyuma yake hakupata hata moja ya kumlaumu. Akaanza kupumua. Alijiambia kwamba huenda inawezekana, huenda dunia haitavunjika leo.

"Cheni," baba akasema, akimpitishia mama boksi. "Soma hapo. Viungo mia na kumi na mbili, siyo?"

Mama alilishika boksi, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Alikuwa amelishika kichwa chini.

"Mia na kumi na mbili," akasema.

Mnara akaweka spana chini. Alisogea, akaligeuza lile boksi mikononi mwa mama yake taratibu, akaweka kidole chini ya nambari.

"Mama, imeandikwa mia na ishirini."

Mzee Kaza aliinua uso kuelekea kwa mkewe.

"Unasomaje wewe?"

"Maandishi madogo yananikimbia," mama akasema. "Tangu mwanzo. Wewe ukiniuliza 'spana ya kumi na saba, siyo?' huwa hukosei, basi mimi nasema ndiyo. Nikisema ndiyo unafanya kazi kwa raha. Ningekwambia nini? Ungekaa tu kitandani ukageukia ukuta."

"Mwaka mzima nakuuliza wewe."

"Mwaka mzima."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hawa walificha wawili, kila mmoja akimtegemea mwenzake kama kipofu anayeongozwa na kipofu mwenye haya. Mzee alikaa chini sakafuni, palepale kwenye mafuta. Mnara hakuwahi kuuona uso ule kwa baba yake, uso wa mtu aliyeibiwa na hajui aanze kutafuta wapi. Halafu, ghafla, mzee akashtuka.

"Acha hiyo cheni," akasema. "Tazama breki ya nyuma. Jumanne nilikuongezea mafuta yake. Nilimuuliza mama yako kama chupa ni nambari nne."

"Nami nikasema ndiyo," mama akanong'ona.

"Rafu ile ina za nambari tano pia, chupa zinafanana. Hayo mawili hayachanganywi, breki inaweza kukukatalia. Nambari nne ni ya manjano, tano ni ya zambarau. Tazama, mwanangu."

Kikopo cha mafuta ya breki ya nyuma kilikuwa kimejificha chini, nyuma ya fremu, mahali ambapo mwendeshaji hapaoni akiwa amekaa. Mnara alipiga magoti, akafuta vumbi kwa kidole, akamulika kwa simu. Tangu Jumanne alikuwa ameshuka nayo kilima mara mbili. Asubuhi ya leo alikuwa amempakia baba yake.

"Rangi gani?" baba akauliza.

"Zambarau."

Mama aliziba mdomo kwa kanga. Mzee Kaza hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka msumari wa funguo, akautoa ufunguo wa gereji na kuushikilia mbele yake, kidogo kando ya mahali binti yake aliposimama.

"Funga," akasema. "Halafu chukua kalamu. Nitakutajia wote niliowatengenezea mwaka huu, mmoja mmoja, uwafuate kabla hawajatoka kesho."