Wimbo Uliokwenda Mbio

Mama Djo alikuwa amechoka kabla hata ya kufika sokoni Kashikishi. Alipanda lori la mihogo kutoka makazi ya wakimbizi, amepakata kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa kitenge, na kila lori liliporuka shimo aliibembeleza kama mtoto mwenye homa. Abiria wenzake walimwambia aiweke chini tu, chuma hakisikii maumivu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ushauri ni bure.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, Albert, kiongozi wa kwaya na karani wa kampuni moja ya samaki kule Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Kampuni ilipofunga milango, Albert alirudi nayo nyumbani. Vita vilipowavusha ziwa, wenzake walibeba sufuria na magodoro. Yeye akabeba hiyo. Alifariki Kenani, kambi yao ya kwanza ya wakimbizi, kabla hajapata hata umeme wa kuiwasha.

Ndani yake kulikuwa na wimbo. Aliutunga mwaka ule mtoto wao wa pekee, Djo, alipozama ziwani. Alipomwambia mkewe aje ausikie, alijibiwa jibu la kukata na shoka: "Weye haukulia hata chozi moja. Sitake wimbo ya chuma."

Na kweli Albert hakuwa amelia. Katika kijiji chao, anayemtafuta aliyezama halii mpaka mwili upatikane, maana machozi ya mtafutaji, walisema, huyapa maji nguvu. Na ni mama wa mtoto peke yake awezaye kusimama ufukweni na kuwaita watafutaji warudi. Mama Djo hakuwaita. Angewaitaje? Watu walirudi mmoja mmoja kwa kuchoka, Albert akiwa wa mwisho, macho makavu, na mwili haukupatikana. Mama Djo aliijua desturi vizuri sana, lakini mwenye uchungu haulizi desturi. Aliishi na mume yule miaka mingi akimpikia, akimfulia, na akimhesabia kosa lile moja.

Sasa sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Kliniki walimwambia hakuna dawa. Alitaka kusikia wimbo ule mara moja tu, kabla dunia haijanyamaza.

Fundi Barthélemy alikuwa na kibanda pembeni mwa soko, karibu na vichanja vya kukaushia samaki. Zamani alitengeneza mashine za ofisi kule Likasi, Kongo. Siku hizi anatengeneza simu zilizotumbukia majini, na uso wake unasema hivyo. Kwanza alijaribu kuufungua wimbo kwenye kompyuta yake mpya. Haukufunguka kabisa. Ikabidi aifufue mashine yenyewe, leo waya, kesho kapasita, na kila mara Mama Djo alirudi nyumbani amekumbatia chuma kisichosema.

"Ni mashini ya kuiga, Mama Djo," alisema siku hiyo, akiiunganisha na betri ya sola. "Zamani ile, kila kampani ilitengeneza ya kwake na kuapa iko sawa na ile ya kwanza. Programme njo ilikuwa inaumbua uwongo. Huku inafunguka, kule inakataa, pengine inafunguka na kuwa kichaa."

Kioo kikawaka rangi ya chungwa. Mama Djo alifunga macho, akasogeza sikio lake la kulia.

Ukatoka mlio wa panya aliyebanwa mlangoni. Ukapanda, ukashuka, ukaisha kabla hajavuta pumzi.

Eness, muuza samaki wa jirani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Bamayo, mama yangu, hiyo ni ya kucheza kwenye ndoa!"

"Rudilia," alisema Mama Djo.

Barthélemy akarudia. Ndoa ile ile.

"Njo ile alimutungia mutoto yangu?" Mama Djo alifoka. Miaka yote alitumaini, bila kukiri, kwamba alimkosea Albert. Kumbe hakumkosea. "Zima, baba. Nimechoka. Nimechoka kabisa."

Fundi akazima. Mama Djo akaanza kuifunga mashine na, kwa mazoea ya kila Jumamosi, akaipangusa uso kwanza kwa ncha ya kitenge. Kidole chake kikapita juu ya kitufe kimoja ambacho pembeni yake plastiki ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, umbo la mraba. Akasita.

"Hapa palikuwa plasta."

"Plasta gani?"

"Ya kidonda. Albert aliibandika. Ilichafuka, ilinipatisha haya, nikaibandua siku nasafisha."

Barthélemy aliinama kutazama. "Na kitufe kilikuwa kimeingia ao kiko inje?"

"Inje. Plasta ilikuwa imekifunika vile."

Fundi alijipiga kofi la paji la uso. "Mi mwenyewe nilikiingiza! Ni cha kuongeza mbio. Nani anapenda mashini polepole? Lakini hii programme inapima wakati kwa hatua za mashini. Mashini ikikimbia, wimbo nao unakimbia. Papa Albert alijua, njo maana alikifungia."

Akakibofya, kitufe kikachomoza, akaanzisha tena.

Ikatoka sauti moja ndefu, ikashuka taratibu. Kisha kimya. Barthélemy alidhani mashine imekwama, akanyoosha mkono. Mama Djo akaukamata. Sauti ikarudi, ndefu vile vile. Kimya tena, kirefu.

Ule ukimya aliujua. Aliusikiliza siku nzima nzima, miguu majini: wanaume wanaita jina, wanainua makasia, wanatulia kusikiliza, wanaita tena. Mbio za mashine zilikuwa zimeumeza. Albert hakutunga wimbo wa kuomboleza, maana aliyezama hajapatikana, na mtafutaji halii. Ndani ya wimbo alikuwa bado mtumbwini, anamwita mwanawe, akisubiri mtu mmoja tu mwenye haki ya kumrudisha nchi kavu.

"Betri inakwisha, Mama Djo," alisema Barthélemy kwa upole.

Mama Djo aliinamisha kichwa mpaka sikio lake likagusa chuma. Alingoja sauti iite, ishuke, inyamaze. Kisha akasema ndani ya ukimya ule, kwa nguvu, jinsi mama anavyosema akisimama ufukweni:

"Albert, rudisha mutumbwi. Inatosha. Kuya huku, tulie pamoja."