Barua ya Nguma ya Kuomba Kushushwa

Karakana ya magari ya serikali kule Changamwe ilifungwa, na mkwe wangu Nguma, aliyekuwa msimamizi wake, akapewa kazi ya karani wa stoo huku Likoni. Ni kazi ya daraja la chini. Utaratibu wao uko hivi: ofisi ikikushusha yenyewe, unabaki na daraja lako na mshahara wako kwa miaka miwili. Ukiomba kushuka mwenyewe, unalipwa mshahara wa stoo tangu mwezi wa kwanza.

Nguma aliyajua hayo yote. Hata hivyo aliandika barua ya kuomba, akaitia mfukoni, kwenye shati lake jeupe la kola ngumu. Binti yangu Kafedha akanipigia simu. Nikatoka Mwakirunge na mihogo yangu, nikafika kwao Timbwani jua likianza kupoa.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemezani ana kwa ana. Mimi nilikaa jikoni nikimenya mihogo, yeye sebuleni, kati yetu pazia la maua ya zambarau. Maneno yote tuliyasikia, lakini Kafedha ndiye aliyeyabeba.

"Kafedha, mwambie mwenye nyumba Vivian hajamaliza chuo."

"Baba Vivian, mama anasema Vivian hajamaliza chuo."

"Mwambie nalijua hilo. Lakini Velma, mkuu wa stoo, nilimfundisha kazi mimi, na sasa ndiye atakayenituma misumari. Nikiomba mwenyewe, ni hiari yangu. Sitaki waseme Nguma katupwa."

"Mama, anasema hataki..."

"Nimesikia. Muulize, hiyo hiari italipa karo?"

"Baba Vivian, mama anauliza..."

"Mwambie karo nitaitafuta."

"Muulize ataitafuta wapi, stoo?"

Kafedha akatupa mwiko ndani ya sufuria. "Nyinyi wawili! Mimi ni mlingoti wa simu? Semezaneni!" Akajitanda leso, akaenda zake kwa jirani.

Tukabaki. Kutoka hawezi, maana mgeni kama mimi haachwi peke yake nyumbani. Nilimenya muhogo mmoja, nikaupasua, nikautoa ule uzi wa katikati. Nikashika mwingine. Mwishowe akakohoa.

"Mama."

"Abee, baba."

Tangu amuoe Kafedha, ndiyo mara ya kwanza kuniita bila mtu katikati.

"Watanicheka."

"Watakucheka, mwanangu."

Pengine alitaraji nimwambie hapana.

"Hata Velma?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

Kicheko kikamtoka puani, bila yeye kutaka.

Jumatatu hakuipeleka ile barua. Kafedha alimsindikiza mpaka lango la stoo, na yeye ndiye aliyenisimulia. Bawabu alisimama akapiga saluti.

"Bosi! Umekuja kutukagua?"

"La," Nguma akasema. "Nimeshushwa. Nionyeshe meza yangu."