Wageni wa Anitha

Siku Mzee Yotham alipofungiwa mlango na mwanawe wa kumzaa, alikuwa amechutama katikati ya mizabibu yake kule Mpunguzi, simu mkononi, jani lenye weupe likiwa juu ya goti. Alitaka kuuliza kama weupe ule ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, au ni vumbi tu la barabara ya Iringa. Alikwisha kuandika salamu, akaandika swali, akabonyeza pa kutuma. Badala ya ujumbe kwenda, yakatokea maandishi mekundu:

"Huwezi kuandika hapa. Anwani yako imezuiwa. Sababu: lugha ya matusi. Aliyezuia: Anitha Y."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa na kusoma tena. Ile Y ya mwisho ilikuwa jina lake yeye.

Anitha alikuwa binti yake wa pili, mtumishi katika ofisi moja mjini Dodoma, amepanga Ipagala. Tangu yuko chuoni alikuwa ameanzisha tovuti ya wakulima wa zabibu, mahali pa kuuliza na kujibiwa, na akitoka kazini ndiye aliyeketi kuilinda: kufuta ya kijinga, kusahihisha ya hatari, kuwatuliza wanaogombana. Alipoianzisha baba yake alimcheka. Alisema mbele ya watu kwamba mzabibu haupogolewi kwa kidole gumba. Tangu hapo Anitha hakumtajia tena habari za tovuti.

Msimu uliofuata ukungu ulikula nusu ya shamba la Yotham. Shamba la jirani yake, Meshack, likapona. Alipomuuliza alipiga dawa gani na lini, Meshack akamwambia, bila kujua anachomwambia, kwamba yote aliyasoma kwa Anitha.

Ndipo Yotham akaanza kusoma kimyakimya. Baada ya kusoma akaanza kuuliza. Tovuti ilimruhusu mtu kuandika bila kujisajili. Juu ya maneno yake liliwekwa neno Mgeni, na mbele yake mafungu manne ya tarakimu yaliyotenganishwa kwa nukta. Yotham hakujua tarakimu zile ni za nini, wala hakujali. Alichojali ni kwamba binti yake hakumjua. Aliona haya, ni kweli, kwa yale aliyoyasema zamani. Lakini zaidi ya haya, alipenda kujibiwa kama mkulima, si kama baba. Mara moja Anitha alimwandikia: "Ndugu mgeni, tafadhali soma kwanza yaliyoandikwa hapo juu." Akasoma, akakuta kweli jibu lipo, akafurahi siku nzima kwamba alizaa mtu makini.

Sasa amefungiwa, na kwa matusi.

Swali la jani lilikwisha siku ileile, maana Meshack alilitazama akasema ni ubwiriunga, wakapiga dawa ya salfa kesho yake alfajiri. La matusi halikuisha. Yotham alijaribu tena jioni, akajaribu kesho yake na keshokutwa yake, maandishi yakawa yaleyale. Akaacha kwenda na simu shambani. Mkewe, Ruthu, aliivumilia hali hiyo wiki moja, kisha akamuuliza ana nini. Yotham akamweleza yote tangu mwanzo, hata ile sehemu ya kujificha. Ruthu hakushangaa kama Yotham alivyotarajia. Alikuwa amekwisha kumwona akicheka peke yake na simu, akadhani ni mambo mabaya zaidi.

"Ulimtukana?" akamuuliza.

"Sijui."

Na kweli hakujua. Usiku ule na siku zilizofuata aliyapitia maswali yake yote kichwani, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Hatimaye akadhani ameipata. Mwezi uliopita aliandika kuuliza kama mavi ya mbuzi yanafaa kuwekwa kwenye shina kabla ya kupogoa. Aliandika hivyohivyo, mavi ya mbuzi, kama inavyosemwa zizini. Watu wa mjini husema samadi. Kuna wanawake kule, kuna wasomi, na yeye aliingia na neno la zizini mbele ya watu wa mwanawe. Alipolifikia wazo hilo akahisi masikio yanamwaka.

Ruthu alisema neno hilo halimzuii mtu popote. Akasema vilevile kwamba kama analo moyoni, dawa yake iko Ipagala, si pale kitandani. Akamfungia mlenda mkavu na kapu la zabibu.

Jumamosi saa nne asubuhi Anitha alikuwa anaanika nguo uani alipomwona baba yake amesimama getini na kapu. Alimpokea kwa shikamoo, akalichukua kapu, akauliza habari za nyumbani kwa woga, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kuja bila kupiga simu. Yotham alisema nyumbani ni wazima wote. Akaletewa chai na maandazi. Akanywa. Wakazungumza habari za mvua, na za mbwa aliyezaa kwa Meshack. Alipomaliza kikombe cha pili akakiweka chini, akakitazama.

"Mama," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu yuko mgongoni. "Nimekuja kuomba radhi."

Anitha alimtazama baba yake mwenye mvi, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki na kofia yake magotini. Katika maisha yake hakuwahi kusikia mzazi akimwomba mtoto radhi. Yotham akaendelea kabla ujasiri haujamtoka. Akaeleza kwamba yeye huandika kwenye tovuti yake, mwaka wa pili sasa. Kwamba amefungiwa kwa matusi, na hakukusudia. Kwamba shambani wao husema mavi, na kama ni hilo, atasema samadi.

Anitha hakucheka. Alitaka, lakini aliona mikono ya baba yake inavyoizungusha ile kofia. Alinyanyuka, akaleta kompyuta yake, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Baba, si wewe," alisema. "Hukunitukana kamwe. Aliyetukana ni mtu mwingine."

"Lakini aliyezuiwa ni mimi."

"Hukuzuiwa wewe, ilizuiwa anwani. Na anwani haikuwa yako."

Akamweleza taratibu. Kampuni ya simu ina anwani zake, nazo ni chache kuliko wateja. Mtu akiwasha data anaazimwa moja, na pengine anaitumia pamoja na wengine wengi kwa wakati mmoja bila kujuana. Akizima, inarudi, anapewa mwingine. Yeye akiwasha tena anapewa nyingine. Ndizo zile tarakimu zinazokaa karibu na neno Mgeni. Wiki tatu nyuma alitokea mtu akawa anawatukana wakulima wanawake matusi ya nguoni. Anitha akaizuia anwani yake. Yule mtu akazima data, akawasha, akarudi na nyingine baada ya dakika tano. Akaizuia na hiyo. Akarudi tena.

Yotham alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha.

"Kama makreti ya mnunuzi," akasema.

Wakati wa mavuno mnunuzi wa zabibu huwaletea wakulima makreti ya plastiki yaliyoandikwa namba. Si mali ya mkulima. Leo namba kumi na nne imebeba zabibu za Meshack, kesho imebeba za Yotham.

"Sasa mtu mmoja," Yotham aliendelea, "kaficha mawe chini ya zabibu kwenye namba kumi na nne. Mnunuzi kakasirika, kasema namba kumi na nne sipokei tena. Na mimi kesho napewa hiyohiyo."

"Ndivyo ilivyo, baba."

"Lakini mimi nilijaribu siku tatu mbalimbali. Kwa maneno yako ningepewa kreti nyingine."

Ni kweli, alisema Anitha, kama angezuia moja moja. Lakini siku ile alitoka kazini amechoka na yule mtu hakomi, basi akazuia kundi zima, anwani zote zinazoanza na tarakimu zile.

"Makreti yote ya mnunuzi yule."

"Yote."

"Basi umewarudisha nyumbani na wenye zabibu nzima." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mvua imepita upande wa pili.

Anitha akainamisha uso. Hakuwa amewafikiria. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, na utulivu uliofuata ulimpendeza. Akamwomba baba yake radhi, naye Yotham akaitikia upesi, maana ombi hilo lilimwelemea kuliko lile alilokuja nalo.

Kisha Anitha akamuuliza ni maswali gani aliyouliza, apate kuyaona. Yotham akavaa miwani, akasogea. Akaonyesha lile la mbuzi. Anitha alilikumbuka, wakulima saba walilijibu na hakuna aliyeshtuka. Akaonyesha la nyaya zinazolegea. Akaonyesha la ndege. Kila moja lilikuwa na tarakimu zake mbalimbali, na kila moja lilianza kwa maneno yaleyale: Habari za kazi, wanangu, poleni na majukumu.

Anitha akaacha kusogeza kurasa.

"Huyu naye ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu aliyeuliza habari za mchwa?"

"Mimi."

"Na huyu wa Pasaka, aliyewatakia watu wote heri mpaka na wagonjwa?"

Yotham akakiri kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Anitha alipocheka, akacheka mpaka machozi, akaegemea bega la baba yake. Kwa mwaka mzima alikuwa akiwaambia wenzake ofisini kwamba tovuti imeanza kupendwa na wazee. Wanakuja wengi, alikuwa akisema, wazee wenye adabu, wanasalimia kabla ya kuuliza. Aliwahesabu wapata thelathini, kwa kuwa namba hazikufanana. Wote thelathini walikuwa mtu mmoja wa Mpunguzi, amechutama shambani na simu yake.

"Niliwapenda sana wale wazee," alisema, akijifuta macho.

Yotham akamwambia zabibu zile zioshwe, zina vumbi.

Kabla ya chakula cha mchana Anitha aliondoa kizuizi kile, akaweka kingine: anayeingia kwa anwani za kundi lile ataandika baada ya kujisajili tu. Akaandika tangazo la kuomba radhi. Hata wali haujaiva, mama mmoja wa Kizota aitwaye Dorothea akawa ameandika kwamba alidhani amefukuzwa kwa sababu alibisha kuhusu dawa. Anitha akamjibu huyo kabla ya mwingine yeyote.

Ikabaki kumsajili baba yake. Anitha alitaka aitwe Baba Anitha. Yotham akakataa katakata; alisema watu watamjibu kwa kumwogopa msimamizi. Wakabishana hadi wali ulipokwisha sahanini, akaandikwa Yotham wa Mpunguzi, kwa herufi ambazo alizibonyeza mwenyewe.

Wakati wa kuagana, Anitha akiwa amembebea kapu tupu hadi kituoni, akasema neno ambalo Yotham alirudi nalo nyumbani na kulisema mara tatu mbele ya Ruthu. Alisema kwamba miaka yote hii anawasimamia watu wa zabibu, wala hajui kushika mkasi wa kupogolea sawasawa. Akauliza kama baba yake ana nafasi ya kumfundisha.

Anitha alikuja mwezi wa kupogoa, akakaa siku mbili. Siku ya kwanza aliharibu mashina sita. Yotham alimfuata nyuma taratibu, akiyanyoosha yanayonyooka, wala hakumcheka.